Kujiandaa kusoma Kihispania chuo kikuu ukiwa Mwanza: pitia Kiswahili, usizungukie Kiingereza

Kila mwaka vijana wakisharudi kutoka JKT na matokeo ya Kidato cha Sita yakiwa mkononi, napokea simu zilezile. Mmoja anapiga kutoka Buhongwa, mwingine Igoma, mwingine amevuka kutoka Ukerewe na kufikia kwa shangazi yake Kirumba akisubiri chuo kifunguliwe. Wote wamechagua Kihispania, au wamejikuta wamepangiwa. Maswali hayabadiliki: "Kaka, ni kigumu kuliko Kifaransa? Lazima niwe nimewahi kukisoma? Nipakue programu gani? Kiingereza changu hakijatulia, nitaweza kweli?"

Hilo la mwisho ndilo limenikalisha chini niandike. Mimi nilianza chuo bila neno hata moja la Kihispania, nikakisoma kwa vitabu vya Kiingereza, na mwaka mzima nikawa nafanya makosa ya Mwingereza wakati mimi ni Msukuma wa Magu. Mwalimu anasahihisha, mimi narudia. Siku nilipoacha kutafsiri kutoka Kiingereza na kuanza kulinganisha na Kiswahili, nusu ya makosa yale yaliisha. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Ni wa wiki kumi hivi kabla ya kufungua chuo, dakika 45 kwa siku.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yoyote inayoweka programu na kucheza sauti. Kompyuta si lazima kwa sasa.
- Hedifoni, hata zile za waya za bei ya chini. Spika ya simu inameza herufi, na Kihispania kinataka sikio.
- Kauntabuku mbili: moja ya sauti na vitenzi, nyingine ya sentensi zako mwenyewe.
- Bando la usiku, maana sauti nyingi utazipakua usiku na kuzisikiliza mchana bila intaneti.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza ukisoma kwa sauti. Akiwa mdogo wako wa darasa la nne anatosha kabisa, ilimradi asiogope kukucheka.

Huhitaji kujua Kifaransa. Huhitaji kununua kamusi nene. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa 1713 huko Madrid, inasomwa bure mtandaoni, ingawa imeandikwa kwa Kihispania kitupu na utaifaidi zaidi kuanzia muhula wa pili. Kiingereza utakihitaji kwa kozi nyingine na kwa maelezo ya baadhi ya wahadhiri, hilo silifichi. Ila kisiwe daraja la kila sentensi.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kusoma

Neno "Kihispania" kwenye fomu ya chuo linaweza kuwa na maana tatu. Inaweza kuwa shahada ambayo lugha hiyo ndiyo somo kuu, au mojawapo ya masomo mawili, mathalani pamoja na utalii au isimu, au kozi ya kuchagua ya muhula mmoja basi. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka wako, soma jina kamili la programu, kisha piga simu idara husika uulize: ni mihula mingapi, inaishia kiwango gani, na walimu wa lugha hiyo ni wangapi? Usione aibu kuuliza hilo la mwisho. Sisi mwalimu wetu aliondoka katikati ya muhula, tukakaa wiki kadhaa tukijifundisha wenyewe vyumbani.

Viwango vinaandikwa A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Anayeanza yuko A1. Anayeweza kusoma gazeti na kubishana kwa heshima yuko B2.

Onyo: ukiahidiwa nafasi ya kusoma nchi za nje na mtu anayetaka kwanza hela ya "kuwahisha faili", simama. Na chuo chochote cha nje, uliza TCU kama shahada yake inatambuliwa kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 2: Wiki nzima ya sauti, bila sarufi

Hapa ndipo wengi wanakimbia haraka, na ndipo sisi tuna utajiri tusioutumia. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Mwingereza anahangaika nazo miezi. Wewe umezaliwa nazo. Neno *mesa* lisome kama Mswahili asomavyo, umemaliza.

Konsonanti sasa. Ziandike kwenye kauntabuku hivi:

- *ñ* ni ny ya nyumba. *España* ni Espanya.
- *j* ni kh ya sheikh, ile ya kooni. *José* ni Khose. Herufi *g* ikifuatwa na *e* au *i* nayo ni hiyohiyo: *gente* (watu) ni khente.
- *z*, na *c* mbele ya *e* au *i*, ni th ya themanini katika sehemu kubwa ya Hispania. Amerika ya Kilatini ni s. *Gracias* ni grathias kwa hawa, grasias kwa wale. Chagua moja uishi nayo.
- *d* katikati ya irabu inalainika kuwa dh ya dhahabu: *nada* (hakuna kitu) ni nadha.
- *g* katikati ya irabu inalainika kuwa gh ya ghali: *lago* (ziwa) ni lagho.
- *ll* kwa watu wengi ni y: *llave* (ufunguo).
- *que* na *qui* ni ke na ki. *h* peke yake haitamkwi kamwe: *hola* ni ola.
- *v* ni b. *Vino* ni bino.
- *s* katikati ya irabu ni s siku zote. *Casa* ni kasa, si kaza. Ile z ya zawadi Kihispania hakina herufi yake.

Umeona? Th, dh, gh, kh, ny: zote ziko kwenye Kiswahili sanifu. Tatizo ni kwamba wengi wetu huku kanda ya ziwa tunasema "zahabu", "gali" na "selasini". Kwa hiyo zoezi la siku tatu za kwanza ni la Kiswahili: chukua gazeti, soma kwa sauti, kila dh iwe dh na kila gh iwe gh. Utachekwa nyumbani. Endelea.

Halafu kuna r. Hili ni letu, tuongee ukweli, sisi tunaokwenda kupiga "kula" siku ya uchaguzi na kula "wari" mchana. Kihispania hakisamehe, maana maneno haya matatu yako mlango kwa mlango:

*pelo* ni nywele
*pero* ni lakini
*perro* ni mbwa

R moja katikati ya irabu ni r yetu ya kawaida, ulimi unagonga mara moja. R mbili, au r mwanzoni mwa neno, ulimi unatetemeka kama injini ya boti ikiwashwa. Mjukuu anayeigiza pikipiki anaitoa bila kufundishwa. Sema "brrr" ya pikipiki, kisha taratibu ondoa b, ubaki na ulimi. Dakika tano kila siku ukioga. Wengine inakuja siku ya tatu, wengine mwezi wa pili.

Mkazo nao ni zawadi. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania kinafanya vilevile kwa neno linaloishia na irabu, *n* au *s*. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo unakwenda silabi ya mwisho: *hablar*, *ciudad*. Linalovunja sheria linavaa alama juu ya irabu. Alama hiyo si pambo: *hablo* ni nasema, *habló* ni alisema, *papa* ni kiazi au Baba Mtakatifu, *papá* ni baba yako.

Zoezi la kumalizia wiki, na hili nalipenda kuliko yote: panda daladala, na kila kituo kiandike kwa tahajia ya Kihispania, ili Mhispania akikisoma atamke kama sisi. Kirumba inakuwa *Quirumba*. Kamanga, *Camanga*. Buhongwa inakuwa *Bujongua*, kwa sababu ukimwachia h ataimeza. Nyegezi ukiiacha ilivyo ataisoma "Niekhethi", kwa hiyo mwandikie *Ñeguesi*, na z yetu hapo imekufa, hakuna namna. Geita ni *Gueita*. Ukerewe nilibishana nayo siku nzima, nikaishia *Uquerehue*. Ukiweza vituo kumi bila kutazama daftari, tahajia umeishika.

Hatua ya 3: Tengeneza simu na kibodi

Kwenye simu ongeza Kihispania katika lugha za kibodi. Au bila kuongeza, kandamiza *n* kwa muda itoke *ñ*, kandamiza irabu itoke yenye alama.

Kwenye kompyuta ya Windows yenye namba pembeni, shikilia Alt uandike: 164 kwa *ñ*, 160 *á*, 130 *é*, 161 *í*, 162 *ó*, 163 *ú*, 168 *¿*, 173 *¡*. Swali la Kihispania linafunguliwa na alama iliyopinduliwa na kufungwa na ya kawaida. Ukisahau ya mbele, maksi zinakatwa.

Onyo: kazi ya chuo usiipeleke steshenari ikiwa faili la kuharirika. Igeuze PDF kwanza. Kompyuta ya pale ikikosa fonti uliyotumia, *ñ* zako zitatoka vijisanduku, au mhudumu kwa wema wake atazifuta ziwe *n*. Na hilo si dogo. *Año* ni mwaka. *Ano* ni tundu la haja kubwa. Mimi nilisimama mbele ya darasa, wiki ya pili, nikatangaza nina matundu kumi na tisa.

Hatua ya 4: Anza na sentensi ambazo tayari unazijua

Tukienda kupitia Kiingereza, mwanafunzi akitaka kusema ana njaa anawaza kwanza vile Mwingereza asemavyo, kwamba yeye "ni" mwenye njaa, anaandika *soy hambre*. Yaani "mimi ni njaa". Angewaza Kiswahili asingekosea:

nina njaa: *tengo hambre*
nina kiu: *tengo sed*
nina usingizi: *tengo sueño*
nina miaka ishirini: *tengo veinte años*

Neno kwa neno. Endelea:

kichwa kinaniuma: *me duele la cabeza*
nyumba ya baba yangu: *la casa de mi padre*
nyumba kubwa: *casa grande*
sina chochote: *no tengo nada*

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namsaidia alikariri *me gusta* mwezi mzima akishangaa kwa nini kitenzi kinafuata samaki badala ya kumfuata yeye. Nikamwambia asitafsiri "napenda samaki", atafsiri "samaki ananipendeza". *Me gusta el pescado.* Samaki wakiwa wengi, wananipendeza: *me gustan los peces*. Akakaa kimya, akaniuliza kwa nini hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili yake.

(Kwa watu wa ziwani: samaki akiwa hai majini ni *pez*. Akishavuliwa kwa ajili ya kuliwa ni *pescado*. Mwaloni pale Kirumba utakuta *pescado*. Sangara, ambaye minofu yake inasafirishwa mpaka Hispania, huko anaitwa *perca del Nilo*. Sato ni *tilapia*.)

Andika sentensi zako hamsini za namna hii katika wiki ya pili na ya tatu. Ziwe za maisha yako. Hakuna haja ya kujifunza kusema treni ya Barcelona inaondoka jukwaa la nne wakati hujaweza kusema kivuko cha Kamanga kimechelewa.

Hatua ya 5: Kitenzi

Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendaji ndani. "Nasema" haihitaji "mimi". Kihispania vilevile, ila mtendaji amekaa nyuma:

*hablo* nasema
*hablas* unasema
*habla* anasema
*hablamos* tunasema
*habláis* mnasema (Hispania, kwa mliozoeana)
*hablan* wanasema

Kwa hiyo usijaze *yo, yo, yo* kila sentensi. Inasikika kama mtu anayesema "mimi nimeamka, mimi nikanawa, mimi nikanywa chai". Ni kosa la wanaopitia Kiingereza.

Mtendewa naye ana nafasi yake. Nakupenda, *te quiero*: *te* ni -ku-, *quier-* ni -pend-, *-o* ni mimi. Niambie hilo, *dímelo*: vipande vitatu vimeshikana kama vyetu. Na -ji- yetu ya kujiosha ni *se*: *lavarse*.

Nyakati zinalingana kwa kiasi kikubwa. *Hablé* ni nilisema, likaisha. *Hablaba* ni nilikuwa nasema, au zamani nilikuwa na kawaida ya kusema. *He hablado* ni nimesema. Waliosoma kwa Kiingereza wanalia na hizo mbili za kwanza. Wewe jiulize tu, kwa Kiswahili ningeweka -li- peke yake au "nilikuwa na-"?

Sasa jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyokutana nayo chuoni. Watakutisha na kitu kinaitwa *subjuntivo*, utaambiwa ndicho kinaangusha watu mwaka wa pili. Tazama:

unasema, nataka useme
*hablas*, *quiero que hables*

Ni ile -e yetu ya "uje, ule, useme". Baada ya kutaka, kuomba, kushauri, tunageuza a kuwa e, na vitenzi vyao vinavyoishia na *-ar* vinafanya hivyohivyo. Vya *-er* na *-ir* vinageuza upande wa pili: *comes* (unakula), *quiero que comas* (nataka ule). Mazingira yake hayalingani yote na yetu, kuna mengine utajifunza, kama baada ya kuwa na shaka. Lakini mlango uko wazi tangu siku ya kwanza.

Onyo kubwa la hatua hii: -me- ya hali. "Nimefika" ni *he llegado*, sawa. Ila "nimechoka" ni *estoy cansado*, au *cansada* ukiwa msichana. "Nimekaa" ni *estoy sentado*. "Nimekasirika" ni *estoy enfadado*. Pale -me- inapoeleza hali uliyonayo sasa hivi, Kihispania kinatumia *estar*, kitenzi kinachozaa hiyo *estoy*. Hapa Kiswahili kitakudanganya ukikifuata kipofu.

Hatua ya 6: Ni na niko

*Ser* (inayozaa *soy*) na *estar* (inayozaa *estoy*) zina sifa mbaya kuliko zinavyostahili. Mimi ni wa Mwanza: *soy de Mwanza*. Niko Mwanza: *estoy en Mwanza*. Penye "ni" weka *ser*, penye "-ko, -po, -mo" au hali ya kupita weka *estar*. Inakufikisha mbali. Inapokwama: shughuli na mikutano. "Sherehe iko nyumbani kwangu" ni *la fiesta es en mi casa*. Na marehemu, ambaye harudi tena, wanasema *está muerto*. Usitafute mantiki, kariri.

Hatua ya 7: Jinsia za majina

Ngeli unazo nyingi, hawa wana mbili tu. Kitabu chekundu, vitabu vyekundu: *el libro rojo, los libros rojos*. Kupatanisha maneno si jambo la kukueleza. Jifunze kila jina pamoja na *el* au *la* yake, usilitenganishe nayo, na weka pembeni wakorofi: *la mano, el día, el mapa, el problema*. *El agua* ni jike lililovaa kiatu cha dume: *el agua fría*.

Hatua ya 8: Maneno

Kumi kwa siku, si hamsini. Anza na ndugu zetu. Wareno walipita pwani wakatuachia meza, bendera, mvinyo na padri. Kwa Kihispania ni *mesa, bandera, vino, padre*. Waarabu walikaa Hispania karne nyingi wakaacha *azúcar* na *aceituna*, yaani sukari na zeituni.

Halafu wanafiki, maneno yanayofanana na yetu lakini maana yake ni nyingine. *Pera* si pera la kutafuna na chumvi, ni peasi. *Cama* si kama, ni kitanda. *Moto* ni pikipiki, na ni jike: *la moto*. *Pato* ni bata. Na *baba*, nisamehe mzee wangu, ni udenda.

Neno jipya liandikie sentensi siku hiyohiyo. Orodha tupu inayeyuka kabla ya Jumapili.

Hatua ya 9: Sikiliza na soma bila kupitia Kiingereza

Programu nyingi za simu zinafundisha Kihispania kwa kupitia Kiingereza. Zitumie kwa mazoezi ya sikio, dakika kumi, si zaidi. Badala yake tumia maandishi yanayopatikana kwa lugha zote mbili. Umoja wa Mataifa una tovuti ya habari ya Kihispania na ya Kiswahili. DW vilevile. Soma tukio kwa Kiswahili, kisha litafute kwa Kihispania. Majina na namba zitakushika mkono.

Ukiwa Mkristo una hazina kubwa zaidi kabatini. Chukua sura unayoijua kwa moyo, fungua ileile kwa Kihispania. Tafsiri ya Reina-Valera asili yake ni 1569, lugha ya matoleo ya zamani ina harufu ya makumbusho, kwa hiyo tafuta toleo la kisasa. Kwaya ya kwetu kuna binti alijifunza nyakati zote za vitenzi kwa Injili ya Marko peke yake.

Wapenzi wa mpira, mechi za Barcelona na Real Madrid tafuteni utangazaji wa Kihispania. Kipa ni *portero*, refa *árbitro*, kuotea *fuera de juego*, kona *saque de esquina*. Kibanda umiza hawatakubali kubadilisha lugha, nilijaribu, karibu nirudishiwe kiingilio. Sikiliza na hedifoni.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza chuoni

Kaa mbele, maana sauti ya nyuma ni ya feni. Uliza mhadhiri anafundisha cha Hispania au cha Amerika ya Kilatini: ukijibu *vosotros* (ninyi ya Hispania, kwa mliozoeana) kwa anayetumia *ustedes* (ninyi ya Amerika ya Kilatini) peke yake, mtaelewana ila utachanganya wenzako.

Mhadhiri mwenyewe mwite *usted* (wewe ya heshima) mpaka akuruhusu *tú* (wewe ya mliozoeana). Kitenzi chake kinakwenda nafsi ya tatu, kama unavyomwuliza bibi yako akiwa mbele yako, "Bibi atakunywa chai?" Heshima hiyo tunayo.

Unda kikundi cha watu watatu, mkutane mara mbili kwa wiki, atakayesema Kiswahili anunue karanga. Na kabla bumu halijaisha, uliza kuhusu mitihani ya nje: DELE, inayotolewa na Instituto Cervantes, cheti chake hakiishi muda, SIELE inafanywa kwa kompyuta na matokeo yake yanadumu miaka mitano. Orodha ya vituo iko kwenye tovuti zao. Usikimbilie A1, hela yako itunze kwa B1 au B2, ndipo mwajiri anapoangalia.

Kuhusu kazi, kwa kuwa mtauliza: Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo iko Afrika, Guinea ya Ikweta. Ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Serengeti iko nyuma ya nyumba yetu na watalii wanaosema Kihispania wanakuja. Ila nitakuwa mkweli: lugha peke yake mara chache inaajiri. Ifunge na kitu kingine, utalii, biashara ya samaki, ukalimani, ualimu.

Ukikwama

*Naelewa nikisoma, nikisikia sishiki kitu.* Unasikiliza vitu virefu mno. Chukua sekunde 30, sikiliza mara kumi, andika unachosikia, ndipo ufungue maandishi. Wahispania wanaunganisha maneno: *¿cómo estás?* inatoka kama neno moja.

*Nilisoma Kifaransa, vinagombana.* Vitagombana miezi miwili. Sauti ndizo zitaharibika kwanza. Rudi hatua ya 2. Msamiati wa Kifaransa utakusaidia sana kusoma, usiutupe.

*Nimefika chuo wiki ya tatu, wenzangu wameshasonga mbele.* Omba madaftari ya watu wawili, si mmoja, uyalinganishe. Fanya hatua ya 2 kwa siku tatu na ya 4 kwa siku nne. Nyingine utazishika njiani.

*Rr imegoma kabisa.* Tofautisha angalau urefu: *pero* fupi, *perro* ivute. Utaeleweka. Hakuna aliyedisko, yaani kuondolewa chuo, kwa sababu ya rr.

*Saa zinanichanganya.* Hapa Kiswahili kinakuponza, fikiria kizungu. *A las ocho* ni saa mbili, si saa nane. Mwenzetu mmoja alifika kwenye jaribio saa nane mchana, amepiga pasi, darasa limefungwa kwa kufuli.

*Nimepata sapu, yaani mtihani wa marudio.* Omba kuiona karatasi yako. Hesabu makosa kwa aina: alama juu ya irabu, *el* na *la*, vitenzi. Mara nyingi aina moja inabeba nusu ya hasara. Ishughulikie hiyo peke yake wiki mbili.

*Mtihani wa kuongea unanitetemesha.* Anayekaa kimya anapata sifuri, anayeomba kurudiwa hapati adhabu. Kariri hii mpaka itoke usingizini: *Perdone, no he entendido. ¿Puede repetir, por favor?* Ni kwa *usted*, tayari ina *he entendido* sahihi ndani yake, na inakupa muda wa kuvuta pumzi.